Binti yangu kanificha stetasi zake, bibi yake anaziona zote

#1 Mama Vitenge (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa napita kimyakimya, nasoma, nacheka, naondoka. Leo limenikaa kooni, bora niliteme.

Nina binti wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapahapa Dar. Simu nilimnunulia Desemba. Na WhatsApp ni yeye aliyeniingiza. Nauza vitenge, nilikuwa na kiswaswadu changu na sikuwa na shida nacho, akaniambia mama siku hizi watu wanauza kwa stetasi. Akanifundisha kila kitu. Kitenge upige picha nje kwenye mwanga, ukipiga ndani chini ya taa kinaonekana kama cha mtumba. Bei iandike palepale, mteja akiambiwa "njoo pembeni tuongee" anakimbia. Sasa hivi nina wateja zaidi ya 300 kwenye simu, na sifa yake simnyimi.

Jumapili tulikwenda ukweni Mbagala. Wifi yangu yuko na simu anacheka, akampa mama mkwe, naye akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Nikauliza kulikoni. Wifi akasema, "Si mwanao huyu na vituko vyake." Nikachungulia. Ni stetasi ya binti yangu. Kajifunga kitenge, simu sikioni, sauti nyororo, "Karibu mpenzi, mzigo mpya umeingia," halafu anageuka pembeni anafoka, "NANI KAACHA JIKO LINAWAKA?" Kisha anarudi kwenye sauti yake nyororo.

Huyo ni mimi, jamani. Ananiigiza mimi.

Kwa hilo sikukasirika, kusema kweli kaniweza. Kilichoniuma ni kufungua simu yangu niitafute, nisiione. Wifi anaona. Mama mkwe mwenye miaka 70 na ushee, ambaye miwani yenyewe anaazima, anaona. Mimi niliyemzaa sioni kitu. Na nikikumbuka vizuri, sijaona stetasi yake yoyote tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nadhani mwanangu katulia, mambo ya mitandao hayataki. Nilikuwa namsifia kwa majirani!

Nimbane? Nimnyang'anye simu? Na kwa nini bibi aone, mimi nisione? Naomba kuwasilisha.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa. Muuza karanga apite huku.

#3 Mzee Kifimbo

Unaomba ushauri wa nini mama? Simu umenunua wewe, bando unaweka wewe, wali anakula kwako. Chukua simu weka kabatini mpaka amalize kidato cha nne. Sisi tulisoma na vibatari na hatukufa.

#4 Fundi wa Aggrey

Kabla simu haijaenda kabatini niseme upande wa ufundi, maana ndiyo kazi yangu.

Dada, hujabloukiwa. Ungebloukiwa hata picha yake usingeiona. Kwenye stetasi kuna njia tatu: waone wote waliomo kwenye simu yako, waone wote isipokuwa fulani na fulani, au waone hawa wachache tu. Binti katumia ya pili. Jina lako limewekwa tiki, kazi imeisha, ni kama sekunde kumi hivi. Wewe huletewi taarifa yoyote, kwako panakuwa kimya tu kama mtu asiyeposti.

Na nikuambie kitu. Kila wiki napokea mzazi dukani anataka nimfungulie nywila ya simu ya mtoto, au nimuungie WhatsApp ya mtoto kwenye simu yake. Inawezekana, akaunti moja inakubali hadi vifaa vinne vya pembeni. Lakini mtoto akiingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa anakuona umekaa humo. Na tangu mwishoni mwa 2023 WhatsApp inaruhusu akaunti mbili kwenye simu moja. Ukimfungia hii, anatafuta laini nyingine. Mimi wazazi wa namna hiyo nawauzia kava na protekta, nawarudisha nyumbani.

#5 Mdadisi TZ

Mleta uzi nyoosha maelezo. Mtoto haamki tu asubuhi akamficha mama yake. Umesema tangu mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kulitokea nini?

#6 Mama Vitenge

Hakuna kilichotokea. Tulikuwa vizuri kabisa. Mwezi wa tatu ndiyo besdei yake, hata keki nilimnunulia.

#7 Mdadisi TZ

Uliposti?

#8 Mama Vitenge

Niliposti, kwani kuna mzazi asiyeposti besdei ya mwanawe? Picha zake za zamani, kama tano hivi.

#9 Mdadisi TZ

Picha gani?

#10 Mama Vitenge

Moja yuko shule ya awali na sare. Nyingine kambeba mdogo wake. Nyingine yuko kwenye beseni anaogeshwa. Ana miaka miwili, jamani, mtoto wa miaka miwili ana nini cha kuficha? Nikaandika "Heri ya kuzaliwa kikojozi wangu, leo umekuwa dada mkubwa." Na vikopa.

#11 Siti ya Mbele

Nimehamisha kiti. Nimekuja kukaa upande wa mtoto.

#12 Mtoto wa Seeb

KIKOJOZI. Mbele ya wateja 300. 😭

#13 Mzee Kifimbo

Sasa hapo kosa liko wapi? Kila mtu alikuwa kikojozi. Hata wewe unayecheka.

#14 dogo_wa_likizo

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 17, nasoma bweni, sasa hivi niko likizo, naombeni niongee kwa niaba yetu maana naona mnatujadili kama vile hatupo.

Mama, picha yenyewe wala haina shida. Hiyo picha ingekuwa kwenye albamu sebuleni mgeni akaiona, binti yako angekunja uso kidogo basi. Tatizo ni nani yumo kwenye hizo namba 300. Wateja wako ni mama zake kina nani? Ni majirani na wazazi wa watoto anaosoma nao. Mama mmoja akipiga skrinishoti, na WhatsApp haikuambii kama mtu kapiga, mwanawe anaiona jioni, kesho asubuhi iko darasani. Simu shuleni haziruhusiwi lakini habari haihitaji simu, inaingia getini kwa mdomo.

Mimi kwenye besdei yangu mama aliandika "mwanangu asiyependa kuoga". Niliitwa Ukurutu muhula mzima. Mpaka mwalimu wa zamu akaniita hivyo kwa bahati mbaya.

#15 Siti ya Mbele

Mwalimu wa zamu 😂😂 dogo pole sana

#16 Ticha wa Kata

Dogo hapo juu kasema kweli. Nafundisha sekondari mwaka wa 11 huu. Majina ya utani ya siku hizi mengi yanatoka kwenye simu za wazazi. Zamani jina la utani mtoto alijipatia mwenyewe kwa kuanguka mstarini.

Mnisamehe nikiongea kama niko ubaoni. Kijana wa miaka 14 hadi 17 yuko kwenye kazi moja ngumu, kujitengenezea sura ya kujionyesha nayo kwa wenzake. Nyumbani ni kikojozi wa mama, darasani anataka awe mtu mwingine, na pande zote mbili hasemi uongo. Zamani mlango wa nyumba ulikuwa unazitenganisha hizo sura mbili. Sasa hivi mlango umetobolewa.

#17 Mhenga wa Hi5

Mnavyoongea ni kama jambo limeanza jana. Mimi niko chuo kikuu Mlimani miaka ile, tuko Hi5, mtandao wa zamani ule, baadaye wote tukahamia Facebook. Facebook yenyewe ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard tu, ilipofika Septemba 2006 ndiyo ikafunguliwa kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea. Kwa hiyo sisi tukaingia tukijua ni kijiwe cha vijana. Tulikuwa tunaandika upuuzi ambao leo nikiukumbuka nafunika uso.

Halafu siku moja napata ombi la urafiki. Baba mdogo. Na kapiga picha na suti amesimama kando ya gari lisilo lake. Ningemkataaje baba mdogo anayenilipia ada? Nikakubali. Wiki ile ile kaniandikia ukutani, watu wote wanaona: "MWANANGU VIPI MASOMO. ILE PESA ULIIPATA? MAMA ANASEMA BADO UNAKOHOA." Herufi kubwa zote. Rafiki zangu wakawa wananisalimia hivyo mpaka nahitimu: "Mwanangu, bado unakohoa?"

Tukahama. Wengi tukaenda Instagram, wazee wakaja. Wadogo zetu wakaenda Snapchat, wazee hawakuielewa ile, wakabaki salama kidogo. Sasa wako TikTok, na mama yangu mzazi yuko TikTok anapika visheti na ana wafuasi kunizidi. Hawa watoto wataendelea kuhama, na sisi tutaendelea kuwafuata na vikopa vyetu.

#18 Mama Boi, Umoja

Naongea kutoka Nairobi. Wacha niwatetee wazazi kidogo, maana mmeanza kutuona kama majasusi.

Mimi TikTok nilifungua tarehe 25 Juni 2024. Naikumbuka tarehe kwa sababu ndiyo siku vijana waandamanaji waliingia Bungeni. Kijana wangu alikuwa na miaka 18, ametoka asubuhi anasema anaenda kwa rafiki. Simu haishikwi. Majirani wanasema watoto wote wako mjini na wanajirekodi moja kwa moja. Nikamwomba msichana wa duka la chini aniwekee hiyo TikTok, nikakaa kitandani masaa matano mazima natafuta uso wa mwanangu kwenye video za watu wengine. Nilimwona mara moja, amefunga kitambaa mdomoni. Viatu ndivyo vilivyonitambulisha, nilimnunulia mimi Gikomba.

Alirudi usiku. Sikumwambia nimemwona. Baada ya wiki mbili akagundua ninamfuata, akauliza, "Mum, ulianza lini?" Nikamwambia lini. Hajanificha hadi leo. Lakini pia sijawahi kuandika neno hata moja chini ya video yake.

#19 Mdadisi TZ

Sentensi ya mwisho ya #18 muisome tena.

#20 Mzee Kifimbo

Hao wa Kenya ni mambo ya siasa, hapa tunaongelea adabu. Australia nchi ya wazungu wenyewe wamepiga marufuku watoto chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, sheria imeanza tarehe 10 Desemba 2025. Wao wameona. Sisi tunabembelezana.

#21 Fundi wa Aggrey

Mzee, ile sheria ya Australia ni ya TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na wenzao. WhatsApp haimo. Huyu binti na stetasi yake hata angekuwa Sydney angekuficha vilevile. Na faini wanatozwa wenye kampuni, mtoto na mzazi hawatozwi kitu.

#22 Mtoto wa Seeb

Salaam kutoka Muscat. Kwetu mambo ni makubwa kuliko kikojozi. Sisi tuna grupu la ukoo: tuko Oman, wengine Unguja, wengine Mombasa, wawili Uingereza. Watu mia na kitu. Binti akipiga picha Forodhani jioni kashikilia muwa na buibui limeteleza, picha inafika Muscat kabla yeye hajafika nyumbani Mlandege. Bibi mkubwa anapiga simu, mama anaulizwa, mtoto anaingia ndani anakuta kesi imeshasikilizwa na hukumu imeandikwa.

Mimi nilipokuwa na miaka 15 nilimficha mama yangu, na siri ya kufanya vile ni hii: sikumwogopa yeye. Mama angeona angecheka. Nilikuwa naogopa aliowabeba mgongoni. Mama akiona, ameona na dada zake wanne, kwa sababu hawezi kuona kitu kizuri cha mwanawe asikifowadi. Anafowadi kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye kikao.

#23 dogo_wa_likizo

Hiyo hiyo! Mama akiingia haingii peke yake.

#24 Kidosho 20

Sikutaka kuandika ila #3 kanifanya niandike.

Nikiwa na miaka 15 kuna mwanaume alinitafuta Facebook. Alianza kwa kusifia, akaendelea kwa kuomba picha, nikakosea nikatuma moja, si ya uchi lakini si ya kumwonyesha mtu. Ndipo akaanza kunitishia. Wiki tatu sili vizuri. Mama yangu alikuwepo Facebook, alikuwa rafiki yangu humo, analaiki kila kitu changu. Na sikumwambia. Kwa sababu kila siku alikuwa ananiambia, "Nikikuta upuuzi kwenye hiyo simu naipondaponda kwa mchi." Nikapiga hesabu: nikimwambia, nakosa simu, yule mtu anabaki na picha, na mimi sitajua anafanya nini nayo.

Nilimwambia mama mdogo. Alikuja siku hiyo hiyo, hakuniuliza hata "kwa nini ulituma". Akapiga picha ujumbe wote, tukaenda dawati la jinsia polisi. Mwanaume akanyamaza mpaka leo.

Kwa hiyo wanaosema kabatini, sawa, ila mkumbuke mtoto anasikia hiyo sentensi miaka mitatu kabla ya siku atakayowahitaji.

#25 Siti ya Mbele

Hapa nimesimama. Pole na hongera, Kidosho.

#26 Ticha wa Kata

#24 iwekwe juu kabisa ya uzi.

#27 Bi Shuwari, Ng'ambo

Nimesoma tokea mwanzo. Nataka kumjibu mwenye uzi suali lake moja ambalo nyote mmelipita: kwa nini bibi aone, mama asione.

Mwanangu, hilo halikuja na simu. Kwetu pwani mtoto wa kike akivunja ungo hafunzwi na mama yake. Hutafutiwa somo, mtu mwengine kabisa, ndiye anayemwambia mambo ya utu uzima, na ndiye anayesikia yale mtoto hawezi kuyasema mbele ya mama. Si kwamba mama hapendwi. Mama ana heshima, na heshima ina pazia lake. Bibi naye ana utani. Mimi wajukuu zangu wa kike nawaita wake wenzangu, wananambia mambo ambayo mama zao wakiyasikia watazimia, na mie nayatia maji ya kunywa nayameza. Shangazi pia ana mlango wake.

Na vijana wa kiume hali kadhalika. Wazee wana baraza lao, vijana wana lao. Baba akipita kwenye baraza la vijana husalimia akapita, hakai. Akikaa, mazungumzo yanakufa palepale, hata kama walikuwa wakizungumza mpira tu.

Basi huyo binti kafanya nini? Kaipanga simu yake kama nyumba ya Kiswahili inavyopangwa. Bibi ndani, shangazi ndani, mama barazani kwa heshima zake. Hakuna aliyemfundisha, kaifanya kwa damu. Mie ningekuwa wewe ningefurahi kwamba kamwacha bibi na shangazi. Yuko binti kawaficha wote, huyo ndiye wa kutafutwa.

#28 Mama Vitenge

Bi Shuwari umenikamata. Mimi mwenyewe nilipopata hedhi nilimwambia bibi yangu Kilwa, mama alijua baada ya miezi.

#29 Mhenga wa Hi5

"Kaipanga simu kama nyumba ya Kiswahili." Bi Shuwari wewe uzi huu umeumaliza, sisi tunaobaki tunapiga soga tu.

#30 baba_pacha

Upande wa pili jamani, si wote wanaotuficha. Mimi na mwanangu wa miaka 14 tunatengeneza video pamoja TikTok, yeye anacheza mimi nakosea hatua kwa makusudi, watu wanacheka. Akaunti ni yake, na kwa kuwa ana chini ya miaka 16 yenyewe inajiweka ya faragha, wanaona waliokubaliwa tu. Siku za mwanzo nilikuwa najirekodi peke yangu nikimwimbia. Akanikalisha kitako akaniambia, "Baba, ukitokea kwenye yangu nikikualika ni poa. Ukitokea bila kualikwa ni aibu." Mwanangu wa miaka 14 huyo. Nikanywea.

#31 dogo_wa_likizo

Na kuna sisi ambao hatuna simu kabisa, likizo tunatumia ya mama. Rafiki yangu anatuma "oya mzee baba leo vipi", mama anajibu yeye: "Hajambo, anaosha vyombo. Wewe ni mtoto wa nani? Unasali wapi?" 😭 Nimebakiwa na marafiki wawili.

#32 Siti ya Mbele

"Unasali wapi" 🤣🤣🤣 nimemwaga chai kwenye kibodi

#33 Wakili Pwani

Nichomekee la sheria, halafu niondoke. Hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mnaona lakini? Idhini anayeombwa ni mzazi. Sheria imejengwa ikiamini kwamba mzazi ndiye mlinzi wa picha ya mtoto. Mzazi mwenyewe akiwa ndiye mwenye kuposti, mtoto hana mtu wa kumwendea. Ufaransa Februari 2024 walipitisha sheria inayowakumbusha wazazi kwamba picha ya mtoto ni haki ya mtoto, na kwamba ashirikishwe kulingana na umri wake. Huku kwetu anashirikishwa baada ya kuitwa Ukurutu.

#34 Mzee Kifimbo

Mnanishambulia mimi ila nitasema ukweli wangu. Mwanangu wa mwisho ana miaka 19. Hatuongei sana. Kila ninachojua kuhusu maisha yake nakisoma kwenye stetasi yake: amefika salama chuo, amefaulu, amenunua viatu. Hajanificha. Kila asubuhi naangalia kabla ya chai. Mkianza kusema wazazi tutoke, mimi nitamjulia wapi?

#35 dogo_wa_likizo

Mzee, hakuna anayesema mtoke. Na kama hajakuficha, ujue anakuona jina lako kila siku kwenye orodha ya waliotazama. Zingine anaziweka kwa ajili yako. Viatu vile alitaka uvione.

#36 Mzee Kifimbo

Kumbe wanaona tuliotazama?

#37 Fundi wa Aggrey

Wanaona, mzee. Labda uwe umezima zile tiki za bluu.

#38 Mzee Kifimbo

Sijazima kitu mimi. Sawa.

#39 Mama Vitenge (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, siku ya nne leo. Mrejesho.

Nilimpigia wifi kwanza. Nikamwuliza, hivi huyu mtoto shuleni wanamwitaje? Wifi akakaa kimya, nikajua anajua. Akasema, "Wanamwita Beseni." Tangu mwezi wa tatu. Kuna msichana alikuwa anakuja na kikombe cha plastiki anakigonga akipita. Mama yake ni mteja wangu, tena wa mkopo, ana kitenge changu cha elfu kumi na tano hajalipa.

Wifi kasema binti alilia kwao wikiendi ile, nami nilidhani amekwenda kumsalimia bibi tu.

Usiku nikamwita jikoni. Sikuongelea stetasi kabisa. Nikamwambia ile picha ya beseni nimeifuta kwenye simu, na ningejua isingetoka. Akasema stetasi hukaa saa 24 tu mama, ilishajifuta yenyewe zamani. Nikasema najua, lakini ilikuwa bado iko kwenye picha zangu. Akanyamaza. Akaniuliza, "Na ya kwenye grupu la kanisa?" Nilikuwa nimeshasahau niliiweka na huko. Huko haijifuti, na muda wa kuifuta kwa wote umeshapita, imebaki tu. Tukatazamana.

Nikamwambia tuwekeane utaratibu, picha yake yoyote namwonyesha kwanza. Akasema sawa, na ya mdogo wake pia. Nikasema mdogo wake ana miaka sita. Akasema, "Na mimi nilikuwa na miwili."

Hilo la kunirudisha kwenye stetasi sikuomba. Ilinikereketa ulimini lakini sikuomba.

#40 Bi Shuwari, Ng'ambo

Umefanya vyema kutoomba. Pazia hufunguliwa na aliye ndani.

#41 Siti ya Mbele

Na yule mama mwenye deni la elfu kumi na tano?

#42 Mama Vitenge

Huyo nakwenda Jumamosi mwenyewe kwa miguu. Kitenge au pesa.

#43 Mdadisi TZ

Usimpost tu. 😅

#44 Mama Vitenge (mleta uzi)

Jamani. Wiki ya pili hii. Leo saa moja jioni nimeona kijiduara kimewaka kwenye jina lake. Nikadhani simu imeharibika. Nikafungua.

Ni picha ya sufuria. Ugali umeungua mpaka chini umekuwa mweusi kama lami, na kaandika, "Mzigo mpya umeingia, karibu mpenzi."

Nimeangalia mara tatu. Sijakomenti. Sijaweka kikopa. Vidole vinaniwasha.

#45 dogo_wa_likizo

Mama usiguse kitu. Weka simu chini. Umefanya vizuri sana, weka simu chini.

#46 Siti ya Mbele

Huo ugali nani aliuunguza?

#47 Mama Vitenge

Mimi. Nilikuwa humu najibu uzi.